Muhasaba ya Mwalimu: Kutoka Nidhamiyya hadi Vyuo vya Arusha

 

Muhasaba, yaani mja kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa, ni neno tulilolizoea katika mawaidha ya Ramadhani. Ni nadra kulisikia likielekezwa kwa mwalimu juu ya darsa aliyoisomesha leo. Mtoto akishindwa kusoma, huambiwa ana kichwa kigumu, na kesi imekwisha. Wanavyuoni waliotangulia hawakuifunga kesi upesi hivyo.

Mwaka 484 Hijria (1091) waziri Nidhamul-Mulk alimteua Imamu Al-Ghazali kusomesha Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 33 hivi, na wanafunzi wake walifika 300. Kwa kipimo cha watu hakupungukiwa kitu. Lakini ameeleza mwenyewe katika Al-Munqidh kwamba alipoichunguza nia yake ya kusomesha, aliikuta haikumtakasikia Allah, bali ilisukumwa na cheo na umaarufu. Tangu Rajabu 488 (1095) akasitasita karibu miezi sita, mpaka ulimi ukafungika asiweze kutoa darsa. Ndipo akauacha mji.

Wengi wetu husimulia kisa hiki tukaishia kwenye uzuhudi wake. Nusu ya pili ndiyo imfaayo zaidi mwalimu. Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha, safari hii Nisabur, na akasisitiza kuwa hakurudi kule alikotoka: zamani alifundisha elimu ya kupatia cheo, sasa anafundisha elimu ya kukiachia. Na katika Ihyaa ameyataja majukumu ya mwalimu. La kwanza ni kumhurumia mwanafunzi kama mwanawe. Tena asimfedheheshe kwa kosa ambalo ishara ingetosha kulirekebisha, wala asimpe lisilofikiwa na akili yake. Yageuze haya kuwa maswali baada ya darsa, utaona yanavyobana.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 (1406), aliutazama ukali kwa matokeo yake: mtoto aleleweaye kwa mabavu hujifunza uongo na hila, kwa kuuogopa mkono.

Huku kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliwafikia watu kwa lugha waliyoijua. Aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah.

Arusha iliupokea Uislamu kwa wafanyabiashara na walimu waliopanda kutoka pwani, na namna ya kusomesha ikaja nao: alifu kwa kijiti, kuitikia kwa pamoja, na bakora. Njia hiyo imetutolea mahafidhi, hatuibezi. Lakini mtoto wa Ngarenaro au Usa River afikaye chuoni alasiri ametoka shule tangu asubuhi. Akisinzia, je, amedharau Qur'ani, au darsa ni ndefu? Wakiitikia arobaini kwa sauti moja, mwalimu atamjuaje asiyejua?

Basi kabla ya kufunga mlango wa chuo, mwalimu achukue daftari aandike mistari mitatu: nani alikwama, alikwama wapi, na mimi nilifanya nini. Akikuta watoto wanane wameitamka 'ain kama alifu, tatizo si vichwa vinane. Kesho aanze na makhraji, awaweke mbele yake mmoja mmoja, na bakora ibaki ukutani.