Vyama Vilivyopita Nuu

Mei 2025 baadhi ya Waingereza walichagua madiwani wao, na baraza la Kent, lililokuwa mikononi mwa Conservative tangu 1997, likatwaliwa na Reform UK katika uchaguzi mmoja. Kule, chama chenye madiwani wengi ndicho kinachomtoa kiongozi wa baraza. Wadi ya Nuu, mashariki ya mji wa Mwingi, nayo imeona vyama vikija na kuondoka, lakini hapa ni miaka mingi ambapo chama kilibadilika na baraza lisibadilike kitu.

Tuanzie kwa Paul Ngei, mwanasiasa wa Ukambani. Mwaka 1962 alijitoa KANU akaunda African People's Party, na Ukambani ikaenda naye. Mei 1963 chama chake kikapata viti vinane bungeni. Kabla mwaka haujaisha Ngei alikuwa amerudi KANU, chama kikazikwa. Mkamba alikuwa amemchagua mtu, jina la chama likaja nyuma.

Pigo lenyewe kwa mabaraza lilikuja 1970, na halikuletwa na kura. Sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia ilihamishia shule za msingi, afya na barabara kwa serikali kuu. Diwani wa kijijini akabakiwa na leseni na ushuru wa soko: mwenye mbuzi anafika mnadani, analipa, anapewa risiti, na hapo ndipo anapoliona baraza. Kisima kikikauka, aliendewa chifu au D.O., watu ambao hakuna aliyewapigia kura. Mwaka 1988 hata siri ya kura iliondolewa katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo. Watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na mara nyingine mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi.

Vyama vingi viliporudi, Charity Ngilu wa Kitui aliingia bungeni 1992 kwa tiketi ya DP, akawania urais 1997 kupitia SDP, kisha akaingia NARC. Huku Mwingi, Kalonzo Musyoka alibaki KANU hadi 2002, akahamia LDP, halafu ODM-Kenya, iliyogeuzwa kuwa Wiper. Wapiga kura wake hawakuhama. Mabango ndiyo yaliyohama.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyorudisha uzito wa baraza. Tangu Machi 2013 Nuu ni mojawapo ya wadi 40 za Kaunti ya Kitui, na diwani wake, anayeitwa sasa MCA, hushiriki kupitisha bajeti ya zahanati, maji na barabara za mashinani. Tena mpiga kura hupewa karatasi sita, akitaka azigawe. Mwaka 2017 Kitui walizigawa: Wiper ikapata wingi katika bunge la kaunti, lakini Gavana Julius Malombe wa chama hichohicho akaangushwa na Ngilu wa NARC. David Musila, seneta aliyeihama Wiper, naye aliwania kiti hicho akiwa mgombea huru. Miaka mitano iliyofuata ilijaa mivutano kati ya gavana na madiwani. Kwangu mimi, kura hiyo ya 2017 ndiyo mara ya kwanza kura ya mashinani ilipokataa amri ya chama.

Mwaka 2022 Malombe alirudi, bado Wiper. Katiba haimruhusu muhula wa tatu, kwa hiyo Agosti 2027 kiti kitakuwa wazi, na Mwingi haijawahi kutoa gavana.