Kahawa, Hadithi na Njia ya Kanengo

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuiandika historia ya fasihi yetu kwa kuhesabu vitabu: nani alikitunga, kilipigwa chapa wapi, na katika mwaka gani. Hesabu hiyo ni ya lazima, wala hatukusudii kuibeza. Lakini inaliacha nje swali moja, nalo ni hili: vitabu hivyo vilisomwa wapi? Katika nchi ambamo nakala zilikuwa chache na wajuao kusoma wachache vilevile, kitabu cha hadithi hakikukaa chumbani kwa mtu mmoja. Kilitolewa barazani, na barazani ndipo palipokuwa na kahawa. Katika makala haya tunataka kulifuata swali hilo kutoka pwani mpaka bara, hata tufike mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kupatia mifano: Kanengo, lango la kaskazini la mji wa Lilongwe, na kambi ya Dzaleka iliyo mbele yake.

Tuanze na neno lenyewe. Mkahawa, au mgahawa kama wengi wasemavyo siku hizi, ni kahawa iliyopewa kiambishi cha m-, nayo kahawa tuliipokea kwa Waarabu. Leo mgahawa waweza kuuza wali, chipsi na soda pasipo finjani hata moja ya kahawa, na hakuna ashangaaye. Huko Malawi jirani zetu Wachewa huiita kahawa khofi, neno lililowajia kwa njia ya Kiingereza. Hivyo kinywaji kimoja kimeingia katika lugha mbili za Kibantu kwa milango miwili, mmoja wa jahazi na mwingine wa misheni na mashamba ya walowezi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kila mlango uliingiza na desturi zake za kukaa na kunywa.

Mlango wa jahazi uliingiza maongezi. Huko Makka, mwaka 1511, mtawala Khair Beg alipiga kahawa marufuku, na moja ya mambo yaliyomwudhi ni mikusanyiko ya watu waliokuwa wakiinywa. Amri yake haikudumu. Katikati ya karne ya 16 nyumba za kahawa zikafunguliwa Istanbul. Mwingereza Edward Lane, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya Misri kilitoka mwaka 1836, aliwakuta wasimulizi wa kazi hiyo mbele ya maduka ya kahawa ya Kairo, kila kundi na kisa chake: hawa wa Abu Zayd, wale wa Baybars, wengine wa Antar. Mwenye duka alimpa msimulizi ujira kidogo, maana hadithi nzuri iliyokatwa mahali pazuri humrudisha mteja kesho yake. Watunzi wa leo wa hadithi za magazetini wanaijua sana hila hiyo.

Kwetu pwani hapakuhitajiwa hata nyumba. Muuza kahawa alibeba mdila wake juu ya makaa, akapita mitaani akigonganisha vikombe, na mahali popote penye baraza na watu wawili palikuwa mkahawa. Kahawa chungu, kashata au tende, na mtu mmoja mwenye maneno. Ndipo gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliposomwa na mjuzi mmoja kwa niaba ya wasikilizaji wengi. Kadhalika mwishoni mwa miaka ya 1920 zilipotoka tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zilitoka kwa ajili ya madarasa, lakini nani awezaye kuzuia kisa cha hazina kisitoke darasani? Mwaka 1954 Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, Waingereza walitiwa wasiwasi na redio za mikahawani Unguja, kwani walijua kuwa redio moja mahali pale ilikuwa na masikio mengi kupita kumi za majumbani.

Na twaona si jambo la kubahatisha kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake mkononi, hatatui fumbo kwa bastola. Hutatua kwa kukaa, kuuliza, kunyamaza, kisha kuuliza tena. Hiyo ni akili ya barazani. Aliyeifuata kutoka bara, Faraji Katalambulla, na Simu ya Kifo yake ya mwaka 1965, tayari ana mwendo mwingine, wa mji wa magari na simu. Lakini kitabu kile nacho kilipita mkono kwa mkono, na wengi walikisikia kabla ya kukiona.

Sasa twende Malawi. Msomaji asidhani kwamba Kiswahili kilifika huko jana. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alikaa Nkhotakota kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, akawa Jumbe wa kwanza. Majahazi yake yalivusha pembe na, tusifiche, watumwa, waelekee Kilwa. Livingstone alifika huko mwaka 1861. Utawala wa akina Jumbe ulikomeshwa na Waingereza mwaka 1894, na Mlozi wa Karonga, aliyekuwa mfanyabiashara wa namna ile ile, akanyongwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo Kiswahili cha kwanza cha nchi ile kilikuja na uchumi wa dhuluma, na kumbukumbu hiyo haikufutika kwa urahisi. Kiswahili cha pili, tunachotaka kukieleza, kimekuja kinyume: kimeletwa na waliodhulumiwa.

Baina ya viwili hivyo Wachewa waliendelea na nthano zao za jioni, ambamo Kalulu hufanya vituko vile vile tunavyovijua kwa Sungura wetu, na mwaka 1933 mwalimu wa misheni, Samuel Ntara, akachapisha Nthondo, hadithi ndefu kwa Kinyanja iliyokuwa imepata tuzo ya kimataifa. Mwanzo huo ulikuwa mwema. Lakini mwaka 1968, katika utawala wa Kamuzu Banda, ilitungwa sheria ya kuchuja vitabu na burudani, na hadithi ikawa jambo la kuangaliwa kabla ya kusimuliwa. Legson Kayira, mzaliwa wa kaskazini, alitoa riwaya yake The Detainee mwaka 1974 akiwa anaishi nje ya nchi. Mshairi Jack Mapanje aliwekwa kizuizini tangu mwaka 1987 hadi 1991. Na katika wilaya ya Dowa palikuwa na gereza ambamo wafungwa wa kisiasa walitiwa. Jina lake Dzaleka. Hufasiriwa kuwa ni neno la mfungwa aahidiye kwamba hatarudia.

Gereza hilo ndilo lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Iko kilomita 40 na zaidi kutoka Lilongwe, na ilikusudiwa watu 10,000 au 12,000. Katika miaka hii imepita 50,000. Walio wengi ni Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali. Hakuna aliyepiga kura, wala hakuna baraza la lugha lililokutana. Lakini Mbembe na Mrundi, Mluba na Mnyarwanda, walipohitaji kuuziana nyanya waliuziana kwa Kiswahili. Tamasha la sanaa lililoanzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi wa Kikongo ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume liliitwa Tumaini, wala si Chiyembekezo, neno la Kichewa lenye maana hiyo hiyo. Wamalawi kwa maelfu huenda kulitazama, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi na kula vyakula vyao.

Hapa ndipo migahawa inapoingia. Mkongo huiita malewa: meza, benchi, sufuria, na mama mwenye kujua nani amelipa na nani bado. Mwethiopia huchoma buni mbele ya mgeni na kuipika katika jebena, na harufu yake ndiyo bango lake. La kuchekesha ni kwamba Mrundi na Mnyarwanda, watokao katika nchi ziishizo kwa kahawa, aghalabu ni wanywaji wa chai. Kahawa ya kwao ilikuwa ya kupeleka ng'ambo. Huenda mzee alichuma buni miaka 30 asionje finjani mpaka alipokuwa mkimbizi kwenye benchi la Mwethiopia, akielezwa kwa Kiswahili chenye makosa namna ya kuinywa. Mgahawa mpya ukifunguliwa mtaani watu huenda kuujaribu, kama watu wa popote, na huhukumu chai, chapati na maongezi. Hilo la tatu ndilo liamualo kama watarudi.

Kanengo ni kiungo cha mambo haya. Ni eneo la viwanda na mnada wa tumbaku, na barabara kuu itokayo Karonga kwa njia ya Mzuzu na Kasungu hupita hapo kabla ya kuingia mjini. Malori ya kutoka Dar es Salaam hupita hapo. Atokaye Dzaleka kwenda mjini hupita hapo. Dereva wa Mbeya na mwuza nguo wa Uvira wakikutana kwenye sahani ya maharage, kile tunachokiita usanifu hujaribiwa pasipo msimamizi: mmoja asema watu, mwenzake kutoka Lubumbashi asema batu, na chakula hakipoi kwa ajili hiyo. Mbele zaidi, katika mitaa mipya ya Lilongwe, iko migahawa ya namna nyingine, ya khofi na viti laini, ambamo kijana aweza kukaa peke yake na riwaya ya Kiingereza mchana kutwa bila kusemeshwa. Hatuidharau. Kusoma kimya ni neema, na wengi wetu tungependa kuipata zaidi. Lakini kikombe kimoja cha huko chaweza kulingana na mlo mzima wa Dzaleka, na katika ukimya ule Kiswahili hakimo.

Walakini benchi la Dzaleka halina uhakika wa kesho. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikajiwekea masharti juu ya haki ya kutembea na ya kufanya kazi, na siasa yake ni kwamba mkimbizi akae kambini. Kwa miaka mingi sharti hilo lililegezwa, na wakimbizi wakafungua maduka na vijimgahawa Lilongwe na kwingineko. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi. Mei askari walianza kuwakusanya kwa nguvu, maduka yakafungwa, na familia zikapelekwa Dzaleka ambako hapakuwa na nafasi. Sisi si wanasheria. Lakini kama ni kweli kwamba hadithi huishi mahali watu wakaapo na kunywa, basi amri ifungayo duka la chai hufunga zaidi ya duka, kama Khair Beg alivyoelewa vema.

Upo upungufu mwingine, nao ni wetu zaidi. Watoto wa Dzaleka hufuata mtaala wa Malawi, kwa Kiingereza na Kichewa. Ni haki yao, kwani ndiko waliko. Kiswahili wanakisema mchana kutwa, wanakiimba, wana hata redio ya jamii iitwayo Yetu. Lakini riwaya ya Kiswahili ni nadra kuiona katika maduka ya vitabu ya Lilongwe. Hivyo tunapata kinyume cha Unguja ya zamani. Kule kitabu kilikuwepo na wasomaji walikuwa wachache, mmoja akawasomea wengi. Hapa wajuao kusoma wapo, benchi lipo, chai ipo, na kitakachosomwa ndicho kilichokosekana. Yuko atakayesema simu imeziba pengo. Kwa nyimbo na habari, labda. Lakini hatujaona kisa kirefu kikifuatwa vizuri kwenye kioo chenye ukubwa wa kiganja, betri ikiwa inakwisha.

Barabara ile ile ipitishayo malori yaweza kupitisha kifurushi cha vitabu, na miongoni mwetu tumekwisha kubishana kiwe na nini. Wako wapendekezao Bwana Msa, kwa kuwa Mzimu wa Watu wa Kale ni kitabu chembamba na kila sura humalizikia pazuri. Wengine wanaona Kiswahili chake cha Unguja kitamlazimu msomaji asimame kila mara amfafanulie msikilizaji wa Bukavu. Sisi twaona huko kusimama na kufafanua ndiko utamu wenyewe, wala Wazanzibari wa 1960 hawakusikiliza kimya. Upo pia mfano wa pili, nao ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Humo kijana Yusuf anachukuliwa kwao kwa sababu ya deni la baba yake, akatembea na msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara, upande ule ule ambako wengi wa watu wa Dzaleka wametoka. Tungependa kuwasikia, finjani mkononi, jioni watakapofika kwa Chatu, mahali ambapo wenye nchi wanawanyang'anya wageni mali yao na kila upande una hoja.