Mabinti wa Maria wa Bagamoyo
Nyumba hii ya zamani ya masista, ambayo sasa ni makumbusho, inahusiana na Mabinti wa Maria, shirika la kitawa, yaani jumuiya ya wanawake wenye nadhiri za useja, ufukara na utii, lililoanzishwa mwaka 1849 katika kisiwa cha Réunion, mwaka mmoja baada ya utumwa kukomeshwa huko, na ambalo, jambo nadra kwa zama zile, liliwapokea pamoja mabinti wa walowezi na wanawake waliowahi kuwa watumwa. Masista wake walifika Unguja mwaka 1860 pamoja na Padri Armand Fava, kisha wakaja Bagamoyo, ambako misheni ilifunguliwa mwaka 1868. Hapa waliwalea wasichana waliokombolewa utumwani, wakiwafundisha kusoma, kushona na kulima, ingawa uhuru huo ulikuwa na mipaka, kwani wengi waliozwa vijana wa misheni na kukaa katika kijiji chake.