Kuacha sigara kwa msaada wa wenza

Kuacha sigara kwa msaada wa wenza ni njia ambayo mvutaji huvuka wiki za mwanzo akiwa pamoja na watu wanaoacha wakati uleule, au waliokwisha kuacha kabla yake. Wiki hizo ndizo nzito kuliko zote. Nchini Uingereza, huduma za umma za kusaidia wavutaji zilizoanzishwa mwaka 1999 hupima mafanikio yao kwenye wiki ya nne, na mara nyingi mhusika hupuliza kwenye kipimo cha kaboni monoksaidi ili kuthibitisha kwamba kweli havuti.

Mwili unavyoitikia

Nikotini ya moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, ndiyo maana mvutaji wa kila siku huamka tayari ana kiu ya sigara. Akiikosa kabisa, arosto huanza baada ya saa chache, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki 2 hadi 4. Mtu huwa na hasira za karibu, wasiwasi, huzuni, usingizi wa kukatikakatika na njaa isiyoisha. Wengine hutokwa na vidonda mdomoni au hupata choo kigumu. Kwa kuwa hawakuonywa mapema, huamua kwamba miili yao imeshazoea na kuacha kutawadhuru, wakarudi dukani kununua sigara moja. Ni hasara kubwa, kwa sababu wakati huohuo kaboni monoksaidi imekwisha kutoka katika damu yao na hatari ya mshtuko wa moyo imeanza kushuka.

Jambo moja husahaulika sana, nalo linawahusu hasa wanywaji wa kahawa wa barazani. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Sigara ikiondoka, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile vya kila siku huanza kuleta mapigo ya moyo ya haraka, mikono kutetemeka na kukesha. Mtu hudhani ni arosto, kumbe ni kahawa. Kuipunguza kwa nusu katika wiki hizi humwondolea mtu taabu ya bure. Baadhi ya dawa huathirika kwa namna hiyohiyo, ikiwemo klozapini inayotumika kutibu skizofrenia. Anayeitumia amwone daktari kabla ya kuacha.

Wenza na kazi yao

Hamu ya sigara haikai mfululizo. Hupanda, hudumu dakika chache, kisha hushuka, mtu avute asivute. Kazi ya mwenza ni kuzijaza dakika hizo: kupokea simu usiku, kutembea naye baada ya chakula, kumkalisha mbali na kijiwe wanapovuta. Aliyepita njia hiyo ana kitu ambacho mke, mume au mzazi aliye na nia njema huenda asiwe nacho: anajua siku ya tatu ilivyo, na hahubiri. Utafiti unaunga mkono tofauti hiyo. Wanaoacha katika vikundi hufaulu zaidi kuliko wanaoachiwa vijitabu peke yao, ilhali mafunzo ya kuwafundisha wenzi wa ndoa namna ya kusaidia hayajaonyesha faida ya wazi.

Vikundi vya aina hii si vipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchini Marekani, daktari Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg wa Kanisa la Waadventista Wasabato waliendesha mpango wa siku 5: watu walikutana jioni 5 mfululizo, wakanywa maji mengi, wakaacha kahawa na pombe, wakatiana moyo. Katika miaka ya 1980 huko California likazaliwa kundi la Nicotine Anonymous, lililofuata hatua 12 za vikundi vya waraibu wa pombe.

Mwaka 2008 watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha uchunguzi wa watu 12,067 waliofuatiliwa tangu 1971 hadi 2003 katika utafiti wa Framingham, Massachusetts. Mwenzi wa ndoa alipoacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki alipoacha, kwa asilimia 36. Makundi ya marafiki yaliacha karibu kwa pamoja. Kijiwe kinachomfundisha kijana kuvuta kinaweza basi kumwachisha, iwapo wawili watatu wataamua siku moja.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki Ramadhani hutoa nafasi kama hiyo, kwani waliofunga hawavuti tangu alfajiri hadi magharibi. Kikwazo ni saa ya kufuturu. Wanaokubaliana kwenda tarawehe pamoja baada ya futari, badala ya kutoka nje kuvuta, huwa wamekwisha kuipita saa ngumu kuliko zote za siku.

Wenza hawachukui nafasi ya dawa. Plasta na jojo za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na kwa mvutaji wa sigara nyingi ni vyema zitumike pamoja na kikundi.

Kuvuta hata mara moja katika wiki 2 za mwanzo ni dalili mbaya. Wengi waliofanya hivyo walirudia kabisa. Hata hivyo aliyeteleza hafukuzwi kikundini. Huulizwa ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, na sigara aliipata wapi, kisha wenzake hupanga nani atakuwa naye kesho saa hiyohiyo.