Udugu Uliofichwa na Ukuta

Mwaka 1665 Robert Hooke wa London alikata kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini na kuona vijumba vitupu vimepangana safu kwa safu. Alivichora kwa ustadi katika kitabu chake, Micrographia. Hata hivyo, alichokiona kilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa zamani. Ukuta huo ndio uliowavutia wachunguzi kwa zaidi ya miaka 170 iliyofuata, na ndio uliowachelewesha kutambua kwamba mmea na mnyama ni wa ukoo mmoja.

Seli ya mmea hujitangaza yenyewe. Imezungukwa na ukuta mgumu wa selulosi, na mipaka yake huonekana hata kwa lenzi duni. Ndani yake mna vakuoli kubwa iliyojaa maji, inayousukuma ukuta kwa nje. Mchicha uliokosa maji hunywea, ukimwagiliwa husimama tena. Seli ya mnyama haina ukuta. Kinachoizingira ni utando laini, mwembamba mno kuonekana waziwazi kwa hadubini ya mwanga. Ulaini huo ndio uhai wa mnyama: chembechembe nyeupe za damu hujinyumbua zikameza bakteria, na seli za misuli hujikunja na kujikunjua. Lakini kwa mchunguzi wa karne ya 17 au ya 18, nyama ilikuwa nyuzi na ute tu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft aliyejisagia lenzi zake, aliziona vizuri chembe nyekundu za damu, wala hapakuwa na sababu ya kumfanya azihusishe na vijumba vya Hooke.

Njia ilifunguliwa na kiini. Mwaka 1831 Mskoti Robert Brown, akichunguza okidi, aliona doa la mviringo katika seli moja baada ya nyingine, akatambua kwamba doa hilo, yaani kiini, ni sehemu yake ya kawaida. Miaka michache baadaye, huko Berlin, Matthias Schleiden, mwanasheria aliyegeukia mimea, alikuwa akila na Theodor Schwann, mchunguzi wa wanyama. Schleiden alizungumzia kazi ya kiini katika kukua kwa seli za mimea. Papo hapo Schwann akakumbuka kwamba amekwisha kuona kitu kama hicho katika notokodi, ugwe unaohimili mgongo, ya viluwiluwi. Wakaenda pamoja maabara. Schleiden akatazama, akakiri kwamba vinafanana. Mwaka 1839 Schwann alichapisha hoja yake: mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Sioni mlo mwingine uliozaa matunda makubwa zaidi katika historia ya biolojia.

Wote wawili, hata hivyo, waliamini kwamba seli mpya huganda kutokana na majimaji. Aliyesahihisha hilo ni Robert Remak, aliyefuatilia viinitete vya kuku na mwaka 1852 akatangaza kwamba seli huzaliwa kwa kugawanyika kwa seli iliyotangulia. Rudolf Virchow alilieneza wazo hilo kuanzia 1855, na sifa zikamwendea yeye. Remak alikuwa Myahudi aliyekataa kubatizwa, na Prussia haikumpa uprofesa kamili hadi alipofariki. Inauma kwamba hata leo vitabu vingi vya shule humtaja Virchow peke yake.

Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Berlin mwaka 1931, ilizidi kuukaza udugu wa seli ya mmea na ya mnyama. Kufikia miaka ya 1950, picha zilionyesha kwamba seli zote mbili zina mitokondria zinazotoa nishati kutoka kwenye chakula, ribosomu zinazounda protini, na vifuko vya Golgi vinavyozifungasha na kuzipeleka zinakohitajika. Tofauti kubwa iliyobaki ndani ilikuwa kloroplasti, inayotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari.

Hiyo nayo ina asili yake. Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowski alidai kwamba kloroplasti ilitokana na kiumbe kingine kilichoingia ndani ya seli. Mwaka 1967 Lynn Margulis wa Marekani aliifufua hoja hiyo na kuipanua ihusu mitokondria pia, baada ya majarida mengi kuikataa makala yake. Ushahidi ulimthibitisha: zote mbili zina DNA zao wenyewe, tena ribosomu zao ni za aina ya bakteria. Mmea na mnyama wana babu mmoja aliyeipokea mitokondria. Ukoo wa mimea ukaongeza mgeni wa pili.

Hadithi hii inatugusa sisi tunaoishi na malaria. Kimelea chake kiliwekwa kwa muda mrefu katika kundi la wanyama wa seli moja. Katika miaka ya 1990 watafiti walibaini kwamba kina masalia ya kloroplasti, yaliyotokana na mwani uliomezwa na mababu zake. Masalia hayo hayanasi tena mwanga, lakini bado hutengeneza kemikali ambazo kimelea hakiwezi kuishi bila hizo. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, hukinga malaria kwa sababu huzuia utengenezaji wa protini humo. Kimelea chenyewe hakifi mara moja, bali kinachokufa ni kizazi chake kinachofuata.