Historia: Peasi za divai, na mikono ya Kongo iliyoleta sukari

Katika hoteli za Ufaransa, peasi iliyopikwa kwa divai huletwa mezani ikiwa nyekundu, imesimama na kikonyo chake, shira kidogo chini. Hilo ni tunda ambalo Wafaransa huita poire, siyo mapera ya huku Kivu.

Chakula hiki kilianza kwa shida. Peasi nyingi za zamani huko Ulaya zilikuwa ngumu hata zikiiva, mtu hawezi kuzitafuna mbichi. Uzuri wake ni kwamba zilikaa ghalani majira ya baridi bila kuoza. Basi zikapikwa, tena polepole.

Karibu mwaka 1390, wapishi wa mfalme Richard II wa Uingereza waliandika namna yao katika kitabu kiitwacho The Forme of Cury. Peasi zimenywe, zichemshwe katika divai nyekundu pamoja na forosadi ili rangi ikolee, kisha zitiwe katika shira ya divai tamu, sukari nyeupe na tangawizi. Njia haijabadilika sana: moto mdogo, kisu kikipenya bila nguvu peasi hutolewa, divai inaachwa jikoni mpaka iwe nzito.

Kilichobadilika ni sukari. Wakati ule ilikuwa ghali, ikihesabiwa pamoja na viungo na dawa. Ilishuka bei kwa jasho la Waafrika. Katika karne ya 18, Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, liliongoza duniani kwa sukari. Watumwa wengi waliofikishwa huko miaka ya mwisho walikuwa watu wa Kongo na majirani zao, waliopakiwa merikebuni Loango, Malembo na Cabinda. Wengine walitekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya ufalme wa Kongo. Hawakurudi. Walikata miwa mchana, wakakesha kwenye masufuria ya kuchemshia maji yake, na wengi walikufa baada ya miaka michache tu.

Agosti 1791 waliasi, wakachoma mashamba. Macaya, mmoja wa viongozi wao, alijitangaza mwaka 1793 kuwa raia wa mfalme wa Kongo. Januari 1, 1804 nchi ikawa huru kwa jina la Haiti.

Koloni limepotea, na Waingereza wameziba bahari, Napoleon akaagiza mwaka 1811 viazisukari vilimwe kwa wingi Ufaransa. Sukari ya viazi hivyo ndiyo inayotiwa mara nyingi kwenye peasi za huko mpaka sasa.