Maji Machache: Udhu wa Waislamu wa Nakaloke

Ukiondoka Mbale, mashariki ya Uganda, kwa njia ya Kumi, ukakipita Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, hukawii kufika Nakaloke, mji mdogo wenye Waislamu wengi ulioko uwandani chini ya Mlima Elgon. Uislamu uliingia upande huo pamoja na wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili waliopitia Mumias, katika Kenya ya leo, kutafuta pembe za ndovu, na pamoja na Waganda waliofuatana na jemadari wao Semei Kakungulu, ambaye mwenyewe hakuwa Mwislamu, alipoitiisha Bukedi mwanzoni mwa karne ya 20.

Huko Buganda walikotoka Waganda hao, tohara ya jando ilikuwa imekwisha kumwaga damu, kwani mwaka 1876 Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyekataa kutahiriwa, aliwaua vijana wa Kiislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa kwake na kusali nyuma yake. Kwa Wagisu, wenyeji wa upande wa Mbale, ugomvi huo haukuwa na mahali, maana wao wana imbalu, jando lao la tangu kale. Kilichobaki kufundishwa ni maji.

Na fiqhi ya Imamu Shafii, iliyotoka pwani, haina mzaha katika maji. Yasiyotimia kulla mbili, yaani kadiri ya lita 200, hunajisika kwa tone la najisi. Na mwenye kutawadha akiisha kuosha uso, akatumbukiza mkono humo bila ya nia ya kuteka, maji hayo huwa yamekwisha tumika, hayaondoi tena hadathi, yaani hali ya kutokuwa na udhu. Pwani jambo hili halikuwataabisha watu, kwa kuwa msikiti, kama ule mkuu wa Gedi, ulikuwa na kisima chake, mfereji na hodhi. Lakini mahali ambapo maji huchotwa mbali yakaletwa kichwani, nani angejaza hodhi?

Jawabu lilikuwa birika la mkono. Mtu huchuchumaa, akaliinamisha kidogo, akaosha viganja, akasukutua, akapandisha maji puani, akaosha uso na mikono hadi viwikoni, akapaka kichwa, akamalizia miguu, na maji yaliyomgusa huanguka chini wala hayarudi kuyaharibu yaliyosalia. Si ubahili huo: Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, hutajwa kuwa alitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga janaba kwa pishi.

Siku hizi birika ni la plastiki, la rangi kali, nalo hutumika hata penye mifereji ya bomba, hasa kwa kustanjia, yaani kujisafisha baada ya haja.